Koo Moja, Watu Ishirini

Katika filamu ya Die Hard ya mwaka 1988 kuna dakika chache ambazo hazina maana yoyote kwa mtu asiyesikia tofauti kati ya Kiingereza cha huyu na cha yule. Hans Gruber, mkuu wa majambazi, Mjerumani anayeigizwa na Mwingereza Alan Rickman, anakutana ghafla na polisi John McClane katika ghorofa za juu za jengo la Nakatomi. McClane hajawahi kumwona uso, amemsikia kwenye simu ya upepo tu. Gruber anageuka papo hapo. Anajifanya mateka aliyetoroka, anatupa kile Kiingereza chake cha kutafuna maneno taratibu na kuvaa cha Mmarekani wa ofisini aliyeshikwa na hofu. Mtazamaji wa Chicago anashika roho mkononi. Wa London anatabasamu, maana anaijua sauti ya Rickman na anasikia anavyojikaza. Wa kibanda umiza cha Namswea, aliyetoka kuanika kahawa jioni ile, anaona wazungu wawili wanaongea.

Labda mtafsiri awe kazini. Namzungumzia fundi mmoja wa huku kwetu Mbinga, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa hapendi kutajwa. Tangu filamu ilipoanza alikuwa amempa Gruber Kiswahili cha mtu wa pwani: maneno yamekunjuliwa kama nguo iliyopigwa pasi, dhambi ni dhambi na thelathini ni thelathini, na kila amri ya kuua imetanguliwa na “tafadhali bwana”. Gruber alipojigeuza mateka, fundi aliiacha pwani yote akaangukia Kiswahili cha mlimani. Zambi, selasini, “kaka nisaidie, mi’ mwenyewe nilikuwa nimejificha humo humo.” Kibanda kizima kikalipuka: “Muongo huyo! Usimpe bunduki!” McClane akampa bunduki, na bibi mmoja nyuma yangu akasema, taratibu kabisa, kwamba wanaume hawafundishiki.

Hakuna aliyewaeleza watu wale lafudhi ni kitu gani katika Kiingereza, na hawakuhitaji kuelezwa. Fundi alichukua siri iliyofichwa ndani ya Kiingereza akaificha upya ndani ya Kiswahili, mahali ambapo masikio yale yangeweza kuifukua. Ndiyo maana naiheshimu kazi yake kuliko kazi nyingi zenye vyeti. Kutafsiri maneno ya muvi si jambo gumu sana, kwani kijana wa kidato cha nne akishika rimoti na kurudisha nyuma mara mbilimbili atakuambia wamesema nini. Ugumu ni kusikia anayesema ametoka wapi, anamdharau nani, ameficha nini, kisha umtafutie ndugu yake katika lugha yako.

Wajuao mambo ya vibanda watamtaja kwanza Lufufu, jina lake Derek Mukandala, ambaye kanda zake zilitoka Dar es Salaam zikasambaa nchi nzima, koo moja likiigiza steringi, adui, mtoto na mama mkwe. Kenya wana DJ Afro. Uganda wana VJ Jingo, na VJ Emmie aliyeipigia kelele Who Killed Captain Alex ya Wakaliwood mwaka 2010 hadi ikachekwa na dunia nzima. Tukirudi nyuma zaidi, kuna wale Waingereza wa Vugiri, Tanga, waliotengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika kati ya mwaka 1935 na 1937, wakazizungusha mpaka Nyasaland. Maneno yalikuwa kwenye santuri, kila lugha na yake. Santuri haijui kama waliokaa mbele ni Wanyamwezi au Wanyasa, wala haingoji kicheko kiishe.

Fundi wetu hufanya kazi mchana kwanza. Anaitazama filamu peke yake, mlango umefungwa, na mara ya kwanza haangalii picha sana. Anakaa ubavuni mwa runinga kama anayesikiliza redio. Niliwahi kumuuliza anatafuta nini. “Bosi ni nani,” akanijibu. Anasema kila filamu ina mtu ambaye wengine wote hubadilisha sauti wanapomkaribia, na ukishampata huyo utawapanga wengine chini yake. Jioni anapunguza sauti ya muvi hadi ibaki kama maji yanayopita mbali, anaweka kipaza sauti karibu na kidevu, na kuanza.

Lazima niseme jambo ambalo mashabiki wa steringi hawapendi kulisikia: Arnold Schwarzenegger anaongea Kiingereza kwa lafudhi nzito ya Austria. Kwa Wamarekani hilo ndilo lilikuwa jambo la kwanza kumhusu, wanamwigiza kwenye vichekesho mpaka leo. Sisi tuliokua na Commando hatukusikia kitu, kwetu yule alikuwa mzungu mwenye misuli tu. Wajerumani nao, ambao lugha ni yao, hawakumpa nafasi ya kuongea. Filamu zake ziliingizwa sauti ya Thomas Danneberg, na Danneberg huyohuyo ndiye aliyekuwa sauti ya Sylvester Stallone, kwa hiyo Ujerumani Komando na Rambo walikuwa na koo moja. Mwulize shabiki yeyote wa kibanda kama hilo linawezekana. Atakuambia hao wazungu hawajui kazi, Lufufu asingewachanganya.

Masikio ya huku nayo si ya namna moja. Huku mlimani elimu ililetwa na Wabenediktini wa Kijerumani, waliofungua Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka uliofuata. Seminari ya Kigonsera ndiyo aliyopitia Benjamin Mkapa kabla ya Pugu. Kule Ziwa Nyasa, Liuli na vijiji vya mwambao, walifika wamisionari wa Kianglikana wa UMCA kutoka kisiwa cha Likoma, na hao walikuwa Waingereza wenyewe. Kwa hiyo wazee waliosoma umbali wa siku moja kwa miguu walijifunza Kiingereza cha aina mbili, mmoja akipiga herufi zake kama anagonga msumari, mwingine akiimba kama yumo kwaya ya kanisa kuu. Waweke wote wawili mbele ya filamu ya vita. Wa mlimani atamsikia adui Mjerumani na kumkumbuka padre aliyemfundisha hesabu, atamwonea huruma. Wa ziwani atamwonea huruma Mwingereza, hata akiwa ndiye mwenye makosa. Na wauza dagaa wanaopanda na mizigo kutoka Mbamba Bay, ambao redio zao hushika Malawi kwa urahisi kuliko Dar, wana kipimo cha tatu kabisa, maana Kiingereza kizuri kwao ni cha mtangazaji wa ng’ambo ya ziwa.

Filamu iliyompa fundi wetu shida kubwa, kwa maneno yake mwenyewe, ni ya watoto: The Lion King ya mwaka 1994. Mufasa na Scar ni ndugu. Lakini Mufasa ni sauti ya James Earl Jones, Mmarekani mweusi mwenye kifua cha ngoma, na Scar ni Jeremy Irons, Mwingereza wa kunong’ona. Mtoto Simba naye anaongea kama mtoto wa mtaani Marekani. Hollywood haioni tatizo. Huko Mwingereza aliyesoma sana akitamka kwa upole, mtazamaji anajua kuna mtu atasukumwa gengeni, na kweli anasukumwa. Huku kwetu mtu angeuliza kwanza: watoto wa tumbo moja, wamelelewa pango moja, imekuwaje mmoja aongee kama mgeni? Fundi alilala na swali hilo. Kesho yake Mufasa alitoka na sauti ya mzee wa ukoo, na Scar akatoka na sauti ya karani wa mizani ya kahawa, mtu aliyezaliwa hapohapo, akaenda mjini kidogo, akarudi na miwani na lugha ya risiti. “Ndugu yangu, kwa mujibu wa utaratibu...” Mpaka hapo kila mkulima kibandani alishajua kuwa mfalme atakufa.

Rafiki wa filamu hiyo hakumgusa. Yule nyani anapotoa maneno yake ya Kiswahili, fundi alinyamaza akafungulia sauti ya filamu hadi mwisho, watoto wakaruka. Wamarekani walisikia pale sauti ya Afrika ya mbali. Watoto wa Namswea walisikia jirani.

Filamu zinazotuhusu zimejaa vituko vya aina hii. The African Queen ya mwaka 1951 inahusu vita vya ziwani katika Afrika Mashariki ya Wajerumani. Katika riwaya ya C. S. Forester mwendesha boti ni Mwingereza wa vichochoro vya London, lakini Humphrey Bogart hakuiweza lafudhi ile, basi wakamfanya Mkanada, akapata na Oscar. Katika Out of Africa ya mwaka 1985 Meryl Streep alisikiliza kanda za Karen Blixen mwenyewe mpaka akakishika Kidenishi kilichomo ndani ya Kiingereza chake. Pembeni yake Robert Redford, anayeigiza mtoto wa lodi aliyesoma Eton, anaongea Kimarekani mwanzo mpaka mwisho bila aibu. Sisi wa Nyasa tuna kisa chetu kinachostahili filamu. Agosti 13, 1914, meli ya Waingereza Gwendolen, chini ya Kapteni Rhoades, iliishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann pale Liuli, iliyokuwa ikiitwa Sphinxhafen. Husimuliwa kwamba nahodha wa Kijerumani, Berndt, rafiki yake wa kunywa naye, hakuwa na habari kuwa vita vimeanza, akapiga kasia kwenda kumuuliza kama amelewa. Natamani kusikia lafudhi ya swali lile.

Sasa kuna studio. Tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ilionyeshwa TBC kwa Kiswahili mwaka 2011, na Rais Xi Jinping akaitaja katika hotuba yake Dar es Salaam Machi 2013. Baadaye Azam wakatuletea Sultan wa Kituruki, na jioni akina mama wakaacha jiko. Kazi ni safi, midomo na maneno vinakwenda pamoja, sauti ni za watu wengi wenye vipaji. Ninachokosa ni kwamba wote wameoga maji mamoja. Sultani, mpishi na mtumwa aliyeletwa jana kutoka nchi ya mbali wanazungumza Kiswahili sanifu kilekile, kile ambacho mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikitoa katika Kiunguja. Hakuna mgeni anayesikika kuwa mgeni. Najua sababu: chombo cha taifa zima kikimpa mjinga lafudhi ya kabila fulani, kesho simu zitapigwa. Fundi wa kibanda hana woga huo, watu anaowachekesha anawajua na wakiudhika watamwambia palepale, pengine kwa ganda la muwa.

Kipimo kikubwa cha fundi wetu kilikuwa The Last King of Scotland ya mwaka 2006, ambayo Forest Whitaker aliigiza Idi Amin na kupata Oscar. Kuna mahali Amin anamkasirikia daktari kijana akidhani ni Mwingereza, kisha anagundua kuwa ni Mskoti. Anafurahi ghafla na kubadilishana naye shati. Mwenye sikio la Uingereza alishasikia Uskoti katika neno la kwanza la James McAvoy, ambaye kwao ni hukohuko. Mtu wa huku hana habari. Fundi alisimamisha picha, jambo ambalo hulifanya kwa nadra, akasema: “Sikilizeni. Amemwita Mmatengo Mngoni.” Haikuhitajika zaidi ya hapo. Mababu wa Wamatengo walipanda milima hii wakiwakimbia Wangoni, na utani wa jambo hilo haujaisha hadi leo.

Lakini usiku ule kulikuwa na mzee mmoja aliyekwenda vita vya Kagera, miongoni mwa walioingia Kampala Aprili 1979. Alikuwa amekaa kimya tangu mwanzo. Fundi alikuwa amempa Amin sauti nene ya kutisha na Kiswahili kilichonyooka. Mzee akanyoosha mkono kama yuko darasani.

“Mwanangu, huyo si Amin. Amin alikuwa askari wa KAR, keya, lile jeshi la Mwingereza. Hawa wazungu wamemfanya aongee Kiingereza na askari wake, lakini sisi tulimsikia redioni. Alikuwa anaamuru kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe cha keya.”

“Shikamoo babu. Kilikuwaje?”

“Marahaba. Hapana taka hii. Wewe kuja hapa. Watu yangu iko wapi?” Mzee aliyasema kwa sauti ambayo sikujua anayo.

Fundi akarudisha filamu nyuma mpaka pale Amin anapohutubia wanakijiji, akakaribisha kipaza sauti kidevuni, na kuanza upya, safari hii akivunja ngeli moja baada ya nyingine. Watu walicheka mwanzoni. Mzee hakucheka, na kila neno lilipokosewa sawasawa alikuwa akiitikia kwa kichwa.