Tofali Lilie, Mchanga Usiache Doa

Tofali la kuchoma likiiva hulia. Mnunuzi anayejua anachotafuta, akifika kwenye tanuri mabondeni Iringa, huchukua mawili na kuyagonganisha: lililoiva hutoa mlio mkali, bichi hutoa "pu!" na kunyamaza. Kisha huvunja moja. Ndani rangi iwe moja; kiini kikiwa bado udongo mtupu, moto haukufika. Huuliza pia mzigo umetoka upande gani wa tanuri, maana ya nje hubaki mabichi na yaliyokaa mdomoni mwa moto huungua hadi kupinda.

Mchanga nao una kipimo chake, tena cha kale. Vitruvius, msanifu wa Kirumi wa karne ya kwanza kabla ya Kristo, aliandika kwamba mchanga mzuri ukisuguliwa mkononi hukwaruza, na ukimwagwa juu ya nguo nyeupe kisha ukakung'utwa, hauachi uchafu. Fundi wa Mbeya ambaye hajapata kumsikia Vitruvius hufanya karibu hayohayo: kiganja kikibaki na tope, lori linageuza.

Kwenye saruji, Mbeya na Roma ni majirani. Warumi walichanganya chokaa na majivu ya volkano ya Pozzuoli, karibu na Naples. Silika na alumina za majivu hayo, zikikutana na chokaa na maji, hufanya gundi inayoganda hata chini ya bahari. Kuba la Pantheon, hekalu la Roma, lenye kipenyo cha mita 43, lilikamilika takriban mwaka 126. Halina nondo hata moja na lingali limesimama. Kileleni wajenzi walitia mawe mepesi ya volkano ili kupunguza uzito. Mlima Rungwe, mkoani Mbeya, ulitapika mawe mepesi ya namna hiyo miaka 4,000 hivi iliyopita.

Majivu ya volkano ya aina hiyo, yaitwayo pozolana, yamo katika saruji nyingi za leo. Herufi P katika jina la aina ya saruji lililoandikwa kwenye mfuko ndiyo alama yake. Namba 32.5 inatosha kujengea na kupigia plasta. Nguzo, linta na slabu zidaiwe 42.5. Namba hizo hupima nguvu ya siku 28, si ya kesho yake. Na hapa ndipo wengi huharibu: saruji ya pozolana hukomaa polepole, baridi ya Juni na Julai ya Uyole au Mafinga huichelewesha zaidi, na upepo mkavu hunyonya maji kabla haijashika, nao hawaimwagilii maji siku za kutosha.

Ukuta ukaguliwe kabla ya plasta, kwa kuwa plasta huficha madhambi ya kila aina. Viungo vya wima visifuatane kozi hadi kozi, na unene wake uwe kama sentimita 1. Kiungo kikwaruzwe kwa msumari. Kikimomonyoka, ama saruji ilipunjwa, ama tofali halikuloweshwa likanywa maji yote.

Anayenunua nyumba iliyojengwa majira ya baridi aulize ukuta ulimwagiliwa siku ngapi. Akijibiwa chini ya saba, adai bei ishuke.