Mashine Imekataa

Watu wazima wengi husema kwamba michezo ya video na vyakula vya haraka ni mambo ya watoto, na wakishasema hivyo huona wamemaliza. Mimi sioni kuwa wamemaliza. Napenda chipsi mayai, nimecheza michezo ya video tangu enzi za kaseti za kuchomeka, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa mmoja wa watu watano wanaokutana Jumamosi jioni kucheza mchezo ambao wengi hapa kwetu hawajausikia, nao nitaueleza punde. Starehe hizi tatu naziweka pamoja kwa sababu kila moja, kwa namna yake, inajibu swali ambalo si la kitoto hata kidogo: mtu akiomba jambo ambalo halikutarajiwa, nani atamjibu?

Tuanze na chakula. Mwaka 1948 ndugu wawili wa California, Richard na Maurice McDonald, walifunga kwa muda mgahawa wao wa San Bernardino, ingawa ulikuwa ukiwaletea fedha nzuri, wakaupanga upya. Orodha yao ilikuwa na vyakula 25; wakaacha 9 tu. Sahani, visu na uma viliondolewa, na wahudumu waliokuwa wakipeleka chakula kwenye magari ya wateja nao wakaondolewa. Baadaye, walipotaka kujenga mgahawa mpya, walichora ramani ya jiko kwa chaki juu ya uwanja wa tenisi, wafanyakazi wakapita humo wakiigiza kazi zao, ili kila hatua isiyo na faida ionekane na kufutwa. Bei ya hambaga ilishuka kutoka senti 30 hadi senti 15. Kila hambaga ilitoka na tomato sosi, haradali, kitunguu na vipande viwili vya tango la siki. Aliyetaka vingine alilazimika kungoja, na kungoja ndiko kulikokuwa adui wa mpango wote.

Sasa linganisha na kibanda cha chipsi cha mtaani kwetu. Huko pia chakula ni cha haraka, lakini muuzaji hukuuliza: kavu au mayai? Mawili au matatu? Nikuwekee kachumbari? Ukimwambia mtoto wako anaumwa tumbo, atakupunguzia mafuta na kukuachia pilipili pembeni. Kijana huyu hakuchora jiko lake kwa chaki. Jiko lake ni karai moja, jiko la mkaa na masikio mawili, na masikio ndiyo chombo chake cha thamani kuliko vyote. Hata Wamarekani wenyewe waligundua walichokipoteza: mwaka 1974 Burger King walianza kujitangaza kwa kuwaahidi wateja kwamba wanaweza kuagiza hambaga watakavyo wao. Jambo ambalo muuzaji wa chipsi hulitoa bure bila kulifikiria likawa bidhaa ya kutangazwa kwenye televisheni.

Mchezo wa video, kwa upande wake, ni jiko lile la chaki lililokamilika. Chukua Pac-Man, uliotolewa na kampuni ya Namco ya Japani mwaka 1980, kazi ya Toru Iwatani na wenzake. Ni mchezo mzuri, na siusemi vibaya: kile kidomo cha manjano kinachokula vidoa huku vizuka vinne vikikifukuza, kila kizuka kwa tabia yake, ni ubunifu ambao umeishi muda mrefu kuliko magazeti yaliyoudharau. Lakini vizuka vile havina hiari. Ukipita njia ileile kwa wakati uleule, navyo vitapita njia ileile, na mabingwa wa zamani walikariri njia hizo kama mtoto anavyokariri jedwali la kuzidisha. Kisha kuna hatua ya 256. Programu ile ilihesabu hatua kwa namba isiyoweza kuvuka 255, na mchezaji hodari akifika hapo nusu ya kioo hujaa takataka za herufi na rangi, wala hakuna njia ya kusonga mbele. Mwenye mchezo hakutegemea kwamba mtu angefika huko. Na mtu akifika kule ambako hakutegemewa, hakuna wa kumwambia: subiri kidogo, tuone tutafanyaje.

Mchezo wetu wa Jumamosi ulizaliwa kutokana na maneno hayohayo. Watu huketi kuzunguka meza. Mmoja ni msimulizi. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, mwizi, mganga au askari, aliyeandikwa kwenye karatasi kwa penseli. Msimulizi anaeleza mlipo, ninyi mnasema mnafanya nini, na penye shaka dadu huamua. Asili yake ni michezo ya vita iliyotumika kufundishia maofisa wa Prussia tangu miaka ya 1820. Michezo ile ilikuwa na majedwali mazito, hata mwaka 1876 ofisa mmoja, Julius von Verdy du Vernois, akapendekeza kwamba mwamuzi mwenye uzoefu atumie akili yake badala ya majedwali. Karibu karne moja baadaye, mwaka 1969, David Wesely wa Minnesota aliandaa mchezo wa vita akampa kila mchezaji mtu mmoja wa kumwigiza katika mji wa kubuni. Wachezaji walianza kuzurura, kunong'onezana na kufanya mambo ambayo hakuyaandalia kanuni. Mwenyewe aliona jioni ile imeharibika. Wachezaji wakamwomba arudie tena. Mmoja wa marafiki wa kundi lile, Dave Arneson, aliuendeleza mtindo huo, na mwaka 1974 yeye na Gary Gygax walitoa Dungeons & Dragons: vijitabu vitatu ndani ya boksi, nakala 1,000 za kwanza.

Nitoe mfano wa mezani kwetu. Tulifika kwenye daraja lenye mlinzi. Katika mchezo wa video mlinzi wa namna hii huwa na sentensi tatu, na ukimaliza kuzisikia atazirudia mpaka asubuhi. Mwenzetu mmoja, badala ya kuchomoa upanga, alimuuliza mlinzi: "Umekula leo?" Msimulizi hakuwa na jibu tayari. Alinyamaza, akatazama dari, kisha akasema kwa sauti ya mlinzi kwamba ana siku mbili hajaletewa posho. Tulikaa na mlinzi yule majuma sita. Bila swali lile angekufa dakika ya pili.

Hapa msomaji makini atanipinga, na pingamizi lake lina nguvu. Atasema: huyo muuzaji wa chipsi mwenye masikio ndiye huyohuyo anayemjazia rafiki yake sahani na kumpunguzia mgeni. Msimulizi anayeweza kumhurumia mchezaji anaweza pia kumpendelea binamu yake. Hisani na upendeleo ni ndugu wa tumbo moja. Mashine haimjui mtoto wa nani. Ingia kwenye kibanda cha PlayStation chochote uswahilini: mtoto wa bosi na mtoto wa fundi viatu wanakaa benchi moja, goli ni goli, mshindi anabaki na aliyeshindwa anampisha mwingine. Kwa mtu aliyezoea kuambiwa "njoo kesho" wakati mwenye mjomba anahudumiwa leo, usawa huo ni haki ya kweli, na simlaumu akiupenda.

Nakubali, lakini nakubali hadi mahali fulani, na mahali penyewe alinionyesha shangazi yangu. Yeye ni mkulima tangu utoto. Alikwenda kujiandikisha katika ofisi moja, akaambiwa aweke vidole juu ya mashine. Miaka ya jembe ilikwisha kuzifuta alama za vidole vyake. Kijana wa dirishani akamwambia: "Bibi, mashine imekataa." Akanawa mikono, akajaribu tena, ikakataa. Akarudi kijijini, akaja wiki iliyofuata, ikakataa. Kijana yule hakuwa mtu mbaya, wala hakuomba chochote. Alimtendea shangazi sawasawa na alivyowatendea wengine wote, na hilo ndilo lililokuwa tatizo. Mara ya tatu alimkuta mama mmoja wa makamo, ambaye aliinuka kitini, akafungua kabati na kutoa fomu ya watu ambao vidole vyao havisomeki. Fomu hiyo ilikuwapo kabatini siku zote.

Kwa hiyo usawa wa mashine ni kamili mpaka pale mawazo ya aliyeitengeneza yanapoishia. Zaidi ya hapo ni hatua ya 256. Tofauti ni kwamba katika Pac-Man unapoteza mchezo, na kwenye dirisha la ofisi unapoteza nauli, siku za kulima, na pengine haki yako.

Dawa ya upendeleo, nadhani, ni kuifanya hukumu iwe ya wazi, bila kuiondoa. Mezani kwetu tuna desturi moja: mtu akiomba jambo lisilo na kanuni, msimulizi hutamka mbele ya wote, kabla dadu halijarushwa, ni namba gani itamfaa. "Ukipata 15 au zaidi, umeruka." Dadu la pande 20 linarushwa katikati ya meza, kila jicho linaliona, na msimulizi mwenyewe amefungwa na alichosema. Akimpendelea mtu tutamsikia akimpendelea, naye ataulizwa. Watu wazima watano wanafanya hivyo kwa masaa manne, kwa mambo ya kubuni, na sijaona semina inayofundisha uamuzi wa haki vizuri kuliko hivyo.

Siku hizi kuna programu za kompyuta zinazojibu karibu kila unachoandika, na wapo wanaozitumia kama wasimulizi. Zinajibu, sikatai. Lakini msimulizi wetu anapokosea tunamtazama usoni, na Jumamosi inayofuata anakuja tena, akiwa na aibu kidogo na mfuko wa chipsi. Programu haina cha kuogopa kutoka kwetu.

Sitaacha kula vya haraka wala kucheza michezo ya video. Ila nina kipimo changu, na nampa msomaji bure. Akiingia mahali popote panapohudumia watu, iwe mgahawa, mchezo au ofisi, aombe kitu kimoja kidogo kisichokuwemo kwenye orodha. Wala asijali kama atakipata au atakikosa. Aangalie tu kama kuna mtu aliyeinuka kitini.