Mtaa wa Familia na Familia Zisizohesabiwa

Tunapochambua matabaka nchini mwetu, aghalabu tunaanza na kipato, kisha tunahamia kwenye mali. Ni nadra kuuliza nani ana nafasi ya kulala nyumba moja na watoto wake. Makala haya yanakusudia kuukosoa uchambuzi wa mazoea kuhusu mitaa ya wenye nafasi jijini Dar es Salaam, kama vile Oysterbay, Masaki na Mbezi Beach. Uchambuzi huo tunaukuta katika matangazo ya madalali na, jambo la kusikitisha zaidi, katika insha za baadhi ya wanafunzi wa elimu ya siasa. Husema kuwa wakazi ni watu wa makamo wenye elimu ya juu, wana watoto wawili au watatu, magari, bustani, mbwa na shule za kulipia, na Jumapili huteremka ufukweni baba, mama na watoto. Mtaa tulivu wa familia. Hakuna neno la uongo hapo, lakini nusu ya wakazi haimo.

Ili kuiona kasoro hiyo tusianzie Oysterbay. Tuanzie Rudewa, wilayani Kilosa, kwa kuwa shamba la mkonge lilionyesha waziwazi jambo ambalo mtaa wa jiji hulificha. Katika mashamba ya Rudewa na Kimamba, ambayo mengi yalikuwa ya masetla wa Kigiriki, palikuwa na makazi ya aina mbili. Nyumba ya meneja ilikuwa na baraza, miti ya kivuli, mke na watoto. Mbali nayo zilipangwa kambi za manamba, watu walioitwa hivyo kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Kuanzia mwaka 1944 chama cha wenye mashamba ya mkonge kilikuwa na ofisi yake ya kuandikisha watu, SILABU, iliyowakusanya kutoka Ubena, Unyamwezi, Ruanda-Urundi na kwingineko. Manamba alifanya kazi kwa kipande, na mshahara wake ulipigiwa hesabu ya mtu mmoja: posho yake, nguo yake, basi. Nani alimlisha mtoto wake? Ni mama aliyeachwa kijijini na jembe. Nani alimpokea nguvu zilipokwisha? Ni kijiji kile kile. Kwa hiyo bepari alinunua mikono, na gharama ya kuizaa na kuilea mikono hiyo akawaachia wakulima bila kuwalipa senti.

Wapo waliofika na wake zao, au walioa hapo hapo, na uzao wao ni wenyeji wa Kilosa hivi leo. Hilo halibadili msingi wa hesabu. Tofauti kati ya nyumba ya meneja na kambi haikuwa bati na nyasi peke yake. Upande mmoja mtu aliajiriwa pamoja na familia yake, na upande wa pili aliajiriwa mtu bila familia yake.

Sasa twende jijini. Mkoloni aliigawa Dar es Salaam kuwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na mpango mkuu wa mji wa mwaka 1949 ukaufunika mgawanyo huo kwa lugha ya kitaalamu, yaani maeneo ya msongamano mdogo, wa kati na mkubwa. Oysterbay iliangukia msongamano mdogo. Lakini mdogo kwa hesabu ya nani? Nyuma ya nyumba kubwa palijengwa chumba cha uani cha mtumishi, na udogo wa chumba hicho ulitosha kumwambia kuwa mke na watoto hawatakiwi. Engels, katika kitabu chake cha mwaka 1845 juu ya wafanyakazi wa Uingereza, alieleza jinsi tajiri wa Manchester alivyoweza kwenda mjini na kurudi kila siku bila kuviona vibanda vya wafanyakazi vilivyokuwa nyuma ya maduka. Mtaa wetu umekwenda mbali zaidi. Mfanyakazi yumo ndani ya uzio, anapika, anafua, anafungua geti, na bado haonekani.

Baada ya Uhuru rangi ya wenye nyumba ilibadilika, ramani ikabaki. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, na mwaka 1971 Serikali ikatwaa majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Hatua hizo zilipiga kodi ya nyumba, na zilistahili. Hazikugusa chumba cha uani. Masharti ya uongozi yalitaja hisa, ukurugenzi, mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Mtumishi wa nyumbani hakutajwa. Kisha masharti yenyewe yakalegezwa Zanzibar mwaka 1991, na mwaka 2002 nyumba za Serikali zikaanza kuuzwa kwa watumishi wake. Aliyekuwa mpangaji wa umma akawa mwenye kiwanja.

Tuangalie basi mtaa wa leo. Mama anatoka alfajiri kuwahi foleni, baba naye vivyo hivyo, na watoto wanavalishwa na kupelekwa kwenye basi la shule na dada wa kazi. Sensa ya Agosti 2022 ilimhesabu kila mtu mahali alipolala, na hivyo ndivyo sensa inavyopaswa kufanya. Lakini anayesoma ukubwa wa kaya akauita ukubwa wa familia anamgeuza dada kuwa binti wa nyumba na mlinzi kuwa mjomba. Waajiri nao husema hivyo hivyo: huyu ni kama mwanetu, anakula tunachokula. Mwanao hukumlipa shilingi 60,000 kwa mwezi, kima ambacho amri ya mishahara ya mwaka 2022 ilikuwa imekiweka kwa mtumishi anayelala kwa mwajiri wa kawaida, kutoka 40,000 za mwaka 2013. Tena walikuwapo wasioifikisha hata hiyo. Binti akitoka Rudewa na kumwachia bibi mtoto wake, fedha hiyo ndiyo imnunulie mtoto daftari. Tumerudi kwenye hesabu ya kipande.

Hapana budi tuwe waangalifu hapa. Mwalimu wa shule ya msingi anayemlipa dada kutoka katika mshahara wake mwembamba ili aweze kwenda kufundisha si bwanyenye, na kumtukana ni uvivu wa fikra. Yeye na dada wake wote wamebebeshwa kazi ya malezi ambayo umma haujaipanga. Vituo vya kulelea watoto karibu na mahali pa kazi vingewafaa wote wawili. Mwenye uzio wa Masaki ana hali nyingine: anao uwezo wa kulipa, wa kutoa likizo yenye nauli, wa kuandika mkataba, na hafanyi.

Wanafunzi watakaoandika tena juu ya mitaa hii waende uani, si barazani tu, na waandike safu mbili: waliolala ndani ya uzio usiku huo, na watoto wa hao waliolala wako wapi. Mabalozi wa mashina waifanye kazi hiyo hiyo katika madaftari yao. Makada wenye nyumba huko waanze na nyumba zao.