Mwalimu wa Pemba na Elimu ya Maeneo: Uhakiki wa Mafunzo Kazini, Kutoka Mazungumzo ya Walimu Hadi Vituo vya Walimu

Mnamo mwaka 1927 Idara ya Elimu ya Zanzibar, chini ya utawala wa Kiingereza, ilianza kuchapisha jarida la Kiswahili la kila mwezi lililoitwa Mazungumzo ya Walimu wa Unguja. Jarida hilo halikosi kutajwa katika tafiti za historia ya Zanzibar, lakini hutajwa zaidi kama ushahidi wa siasa. Ni nadra kuhakikiwa kwa jambo lililolizaa, yaani kumwendeleza mwalimu aliyekwisha kuhitimu na kupangiwa skuli, ili ajue zaidi kuhusu pwani yake, Afrika na dunia. Uhakiki huu unalisoma jarida hilo kama chombo cha mafunzo kazini, kisha unalitumia kuyapima mafunzo wanayopata leo walimu wa Historia na Jiografia kisiwani Pemba. Hoja inayotetewa ni kwamba Mazungumzo yalikosea katika mengi yaliyofundisha kuhusu eneo hili, lakini yalipatia katika jambo moja ambalo mafunzo ya sasa yameliacha: yalimchukulia mwalimu kuwa mwandishi wa maarifa ya eneo lake.

Sifa mbili za jarida hilo ndizo zenye uzito hapa. Ya kwanza ni lugha. Habari za historia, mila, asili ya maneno na mambo ya nchi za nje ziliandikwa kwa Kiswahili, lugha ambayo mwalimu aliitumia darasani na barazani. Ya pili ni kwamba waandishi wake wengi walikuwa walimu wenyewe. Msomaji wa toleo la mwezi huu angeweza kuwa mwandishi wa toleo lijalo, na aliyeandika jambo lenye kasoro alijua kwamba wenzake wa fani watalisoma. Kwa mwalimu wa Chake Chake au Wete sifa hizi hazikuwa ndogo. Ualimu ulisomewa Unguja, na aliyerudi Pemba baada ya masomo alitenganishwa na walimu wake na wenzake kwa bahari. Jarida lilivuka bahari hiyo kila mwezi bila ya yeye kuomba ruhusa ya safari.

Msomaji makini kuliko wote wa jarida hilo katika miaka ya karibuni ni Jonathon Glassman. Katika War of Words, War of Stones (2011), Glassman anaonesha kwamba fikra za ubaguzi wa asili na kabila Zanzibar hazikupandikizwa na wakoloni peke yao. Wasomi wa hapa, na walimu wakiwa mstari wa mbele, walizijenga kwa kalamu zao, hasa kupitia dhana ya ustaarabu. Hoja hiyo ina mashiko na haina haja ya kupuuzwa kwa sababu tu inauma. Hata hivyo, mtazamo wake una mpaka. Glassman anasoma akitokea mwisho: ghasia za Juni 1961 na Mapinduzi ya Januari 1964 ndiyo maswali yake, na makala za walimu zinakuwa mbegu za yaliyofuata. Usomaji wa namna hiyo hauna nafasi kubwa ya kuuliza mwalimu mmoja mmoja alijifunza nini kwa kitendo chenyewe cha kuandika, yaani kukusanya habari kwa wazee, kuzilinganisha na kitabu, na kuzitetea mbele ya walimu wenzake. Mwanahistoria anaweza kuridhika na maudhui. Mhakiki wa elimu anapaswa kuutazama pia mchakato.

Maudhui nayo hayasameheki kwa urahisi. Eneo lililochorwa katika maandishi ya elimu ya wakati ule, yakiwamo Milango ya Historia ya L. W. Hollingsworth pamoja na historia yake fupi ya pwani ya Afrika Mashariki iliyotoka mwaka 1929, ni pwani inayostaarabika kutoka nje. Vyombo vinakuja na msimu, wageni wanashuka na dini, maandishi na majumba ya mawe, na wenyeji wanapokea. Katika ramani hiyo Pemba iko pembezoni mara mbili, kwanza kwa kuwa ni pwani ya Afrika, pili kwa kuwa si Unguja. Jina la jarida linalibeba jambo hili. Ni kweli kwamba katika matumizi ya wakati ule “Unguja” liliweza kumaanisha dola nzima, visiwa vyote viwili kwa pamoja, na si haki kulifanya jina hilo kuwa tusi. Lakini mwalimu wa Pemba aliyelisoma juu ya jalada kila mwezi alikumbushwa kwamba mazungumzo yale yalikuwa na mwenyewe. Lugha ilizidisha jambo hilo. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kuanzia 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikausimamia usanifishaji huo. Mwalimu aliyelelewa kwa Kipemba alilazimika kuliacha kwanza neno la kwao ndipo aandike habari za kwao.

Ramani hiyo ya zamani imekwisha kuvunjwa, na sehemu kubwa ya ushahidi uliosaidia kuivunja umetoka Pemba yenyewe. Kisiwa cha Qanbalu, alichokitembelea al-Masudi mwanzoni mwa karne ya 10 na kukieleza kuwa na wakaazi Waislamu, kinatambuliwa na wataalamu wengi kuwa ni Pemba, na Ras Mkumbuu, kwenye rasi nyembamba iliyo magharibi ya Chake Chake, hutajwa mara nyingi katika mjadala huo. Kaskazini mwa kisiwa, utafiti wa Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher umeonesha kwamba Tumbe kilikuwa kijiji kikubwa cha biashara kati ya takriban mwaka 600 na 950, chenye vyombo vya udongo kutoka upande wa Ghuba lakini kilichojengwa kwa udongo na miti na watu wa hapa hapa. Baada yake ukaja mji wa Chwaka ulio jirani, wenye misikiti na makaburi ya mawe, uliokaliwa kuanzia karne ya 11 hadi karibu na 1500. Kwa mwalimu wa Historia huu ni utajiri usio na kifani. Anaweza kuondoka na darasa lake kwa miguu asubuhi na kurudi mchana akiwa amefundisha biashara ya Bahari ya Hindi, kuenea kwa Uislamu na swali la nani aliujenga mji wa Waswahili.

Tatizo ni pale maarifa hayo yalipo. Yako katika majarida ya Kiingereza na katika tasnifu za ng’ambo. Helle Goldman aliwasilisha tasnifu yake kuhusu jamii mbili za vijijini Pemba katika Chuo Kikuu cha New York mwaka 1996, na Nathalie Arnold aliwasilisha yake kuhusu uganga, wazee na historia ya mapinduzi Pemba katika Chuo Kikuu cha Indiana mwaka 2003. Ni kazi nzito zilizofanywa na watu waliokaa kisiwani na kujifunza lugha yake. Hapana lawama kwao. Lawama, ikiwa ipo, iko katika mfumo unaozihifadhi. Taaluma za maeneo Marekani zilipewa nguvu na sheria ya ulinzi kupitia elimu ya mwaka 1958, na sheria ya 1961 inayojulikana kwa majina ya Fulbright na Hays ikaongeza fedha za kuwapeleka walimu wa Marekani kujifunza nchi za nje. Vituo vya taaluma za Afrika vilivyofadhiliwa chini ya utaratibu huo vilipewa pia wajibu wa kuwafikia walimu wa skuli za nchini mwao. Kwa hiyo limewezekana jambo la ajabu kidogo: mwalimu wa skuli ya sekondari Bloomington ana njia rasmi ya kuyafikia maarifa kuhusu Pemba, na mwalimu wa sekondari Micheweni hana. Upo mlango wa upande wa pili, ule wa walimu wa Kiswahili wanaochukuliwa kwa mwaka mmoja kufundisha lugha katika vyuo vya Marekani. Lakini anayepita hapo anakwenda kama mjuzi wa lugha. Historia ya eneo lake atakuta inafundishwa na mwengine.

Pemba ina vyombo vyake vya mafunzo kazini. Vituo vya Walimu vya Michakaini, Mitiulaya, Mizingani na Wingwi vimeenea kisiwani, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kina kampasi yake kisiwani. Upungufu haumo katika majengo. Umo katika kile kinachoamuliwa kuwa kinastahili mafunzo. Mradi mkubwa wa kuimarisha ufundishaji ulioanza mwaka 2016 kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulilenga Hisabati, Sayansi na Kiingereza. Historia na Jiografia, masomo pekee yanayomtaka mwalimu ajue eneo na dunia, hayakuwamo. Utaratibu wenyewe wa semina nao una sura inayojirudia: wachache hufunzwa kuwa wakufunzi, wao huwafunza wengine, na mwalimu wa mwisho katika mnyororo hupokea kijitabu. Hapana ngazi katika mnyororo huo ambapo anaulizwa anachokijua yeye.

Inaweza kujibiwa kwamba huu ni uchaguzi wa lazima. Walimu wa Sayansi ni haba, mitihani ya sekondari ni ya Kiingereza, na kisiwa hakiwezi kufundisha kila kitu kwa wakati mmoja. Jibu hilo lina ukweli, na mhakiki asiyelikubali hajawahi kuona darasa la Fizikia lisilo na mwalimu. Lakini linachukulia kwamba elimu ya eneo ni pambo linaloweza kusubiri, na hapo ndipo linapoyumba. Mfano wa karafuu unatosha. Kimbunga cha 1872 kiliangamiza sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba kuwa shamba kuu la zao hilo. Sheria ya karafuu ya 1937 ilisababisha wafanyabiashara wa India kuisusia karafuu ya Zanzibar, kwa kuungwa mkono na chama cha Congress. Baadaye bei ya Pemba ikafungamana na sigara za karafuu za Indonesia, nchi ambayo nayo ilipanda mikarafuu yake mpaka ikajitosheleza. Mwanafunzi wa Wete aliyeshiriki uchumaji na hajui kwa nini bei hupanda na kushuka amenyimwa maelezo ya maisha ya nyumbani kwao. Mwalimu wake huenda anazijua sehemu mbili tatu za kisa hiki. Kuziunganisha kunahitaji mafunzo, na mafunzo hayo hayawezi kutafsiriwa kutoka mahali pengine kwa sababu hayapo popote.

Hapa ndipo Mazungumzo yanaporudi kuwa kipimo. Semina ya leo inapimwa kwa idadi ya waliohudhuria na vyeti vilivyotolewa. Kipimo kinachotokana na jarida la 1927 ni kingine: je, baada ya mafunzo yapo maandishi ya mwalimu ambayo mwalimu mwengine anaweza kuyasoma na kuyapinga? Hadithi ya Chwaka inaonesha umuhimu wake. Masimulizi ya wenyeji yanauhusisha mji huo na Haruni, mtoto wa Mkama Ndume wa Pujini, na kaburi lake huoneshwa hapo. Akiolojia inasema mji ulikuwapo karne kadhaa kabla ya enzi za Pujini. Haina maana kwamba masimulizi ni uongo, kwani yanaweza kuwa yanaeleza kubadilika kwa utawala na si kuanza kwa mji. Ugomvi huu wa ushahidi hauwezi kutatuliwa na mgeni anayekuja kwa msimu wa uchimbaji, wala na mzee peke yake. Anayesikia pande zote mbili ni mwalimu anayefundisha karibu na magofu, ambaye wazee ni babu za wanafunzi wake. Kituo cha Walimu cha Wingwi kiko katika wilaya hiyo hiyo ya Micheweni. Toleo moja kwa mwaka, kwa Kiswahili, lenye maneno ya Kipemba pale Kipemba kinapojua zaidi, lingehitaji karatasi kidogo kuliko vijitabu vya semina moja, na suala la Haruni lingetosha kulijaza la kwanza.