Kazimoto na Msomaji Asiyempenda

Msomaji aliyelelewa na Shaaban Robert hufunzwa mapema kumtambua wa kupendwa, kwani jina lenyewe hutangulia kumsifu. Karama wa Kusadikika (1951) ana karama, na Adili ni adili. Hata hivyo, katika Adili na Nduguze, kinachomvuta mtu kufungua ukurasa wa pili si wema wa Adili, bali siri ya manyani wawili anaowapiga kila usiku. Hamu ya kusoma, basi, tangu hapo haikuwa mtumwa wa mapenzi.

Euphrase Kezilahabi alilisukuma jambo hilo mbali zaidi katika Kichwamaji (1974). Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi kijijini kwao, ana kiburi cha elimu, ulimi mkali, na moyo usioona maana ya maisha. Nani angependa kumkaribisha nyumbani? Na bado wasomaji humfuata mpaka anapojiua.

Aghalabu husemwa kuwa mhusika mbaya huvumiliwa kwa sababu adhabu yake inangojewa. Jibu hilo lamtosha Bwana Maksuudi wa Utengano (1980), riwaya ya Said Ahmed Mohamed: pale msimulizi yu nje ya mambo, na msomaji amekaa barazani akimtazama mheshimiwa akiporomoka. Kwa Kazimoto halitoshi. Adhabu yake ijapo haimburudishi mtu.

Sababu ni mahali alipowekwa msomaji. Kazimoto anasimulia mwenyewe, na anaanza akiwa amengojeshwa nje ya ofisi ya Manase, rafiki wa utotoni ambaye sasa ni Mkuu wa Wilaya. (Asiyepata kungojeshwa mlangoni pa mkubwa, na ainue mkono.) Papo hapo msomaji amekwisha kuchagua upande. Kisha Rukia, dada yake Kazimoto, anapewa mimba na Manase huyo huyo, na hasira inazidi kuwa ya haki. Lakini kisasi anachokipanga Kazimoto hakimwelekei aliyekosa. Kinamwelekea Sabina, dada yake Manase, ambaye hana kosa lolote. Msomaji anashtuka akiwa amechelewa: amemkubalia msimulizi hatua kwa hatua, na hajui ni ipi iliyokuwa ya kukataa. Anaendelea kusoma kwa kuwa kesi imekwisha kuwa yake pia.

Udhaifu wa riwaya uko karibu na mwisho, pale mtoto mwenye kichwa kikubwa anapofanywa kubeba hukumu ambayo ilistahili kutolewa na dhamiri ya wahusika. Ugonjwa ni hakimu mwepisi mno.

Ila lililo zito zaidi ni kuhusu Sabina. Anaanza kama shabaha ya kisasi, anaishia kuwa mke, na muda wote huo haonekani ila kwa macho ya Kazimoto. Aliyoyajua yeye kuhusu ndoa ile yamebaki nje ya kitabu.