Hongereni, Jumuiya Ndogo Ndogo

Katika miaka ya 1970, maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia AMECEA, shirikisho la mabaraza yao, waliamua kuzifanya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa msingi wa uhai wa Kanisa. Imani ikashuka altareni, ikaketi mkekani.

Tangu hapo majirani hukutana kila wiki nyumba kwa nyumba. Husoma Injili, kisha huulizana: nani anaumwa? Mtoto wa nani amekosa ada? Mume na mke wakikosana, wazee wa jumuiya huwasuluhisha kabla ya baraza la kata. Msiba ukitokea, wao ndio wa kwanza kuteka maji na kuinjika sufuria.

Viongozi wa jumuiya hizi hawalipwi mshahara. Tunawapongeza: mmeifanya sala izae ujirani mwema.