Vichaka vya Septemba

Bustani ya Ukambani huchaguliwa Septemba. Kupanda ni kazi ya Novemba, mvua ikishalowesha udongo hadi mkono uzame kufikia kiwiko, lakini uamuzi hufanywa miezi miwili kabla, ndani ya kiangazi tunachokiita thano, jua likiwa limekwisha kukausha kila kinachokaukika. Mwezi huo mama yangu hutoka nyumbani alfajiri bila jembe wala panga, akapanda vilima vilivyo juu ya Wote, na kurudi saa nne mikono mitupu. Utotoni nilidhani anatafuta mbuzi aliyepotea. Kumbe alikuwa akiangalia ni kichaka gani bado kina jani.

Ufundi huo wa kuangalia ndio ninaotaka kuusifu. Mgeni akifika kwetu huona tuta la maua mbele ya nyumba na ua wa kijani kando ya njia, akamsifu mama kwa mkono wenye baraka. Mkono una sehemu yake, sikatai. Lakini tuta lile hupita wiki nyingi bila kuguswa, mwenyewe akiwa shambani kwenye ndengu au Kitui kwa dada yake, nalo halidhoofiki. Kazi kubwa ilifanywa kwa macho, kabla shimo la kwanza halijachimbwa.

Huku hesabu ya maua huanzia kwenye jerikeni. Mto Thwake ukikauka juu, maji hubaki chini ya mchanga, nayo huchotwa kwa kata, kidogo kidogo, kutoka kwenye shimo lililofukuliwa kwa mikono. Lita 20 zilizopatikana hivyo zimepita mgongoni mwa mwanamke au mwa punda kabla hazijafika jikoni. Nani atazimwagia ua? Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba kichaka kisichotaka matunzo ni chaguo la mvivu. Katika boma la Makueni, kichaka kinachoweza kuivumilia kiu yake ni heshima kwa yule anayebeba maji.

Nilijifunza hilo kwa hasara. Nilipojenga nyumba ndogo upande wa Kibwezi nilinunua Nairobi miche kumi na miwili ya kichaka chenye majani ya kung'aa, nikaambiwa haina usumbufu. Huko ilikooteshwa, penye baridi na manyunyu, pengine haina. Kwangu ilipendeza hadi Krismasi. Kufikia Machi nilibaki na vijiti kumi na viwili vilivyovaa udongo wa mchwa. Mama alikuja, akavishika kimoja kimoja, wala hakunilaumu. Aliniuliza tu: "Septemba uliiona wapi?"

Swali hilo ndilo kipimo changu hadi leo. Mmea unaopendeza Desemba haujanieleza lolote, kwa kuwa Desemba Ukambani yote ni kijani. Niliyemkuta Septemba amesimama na rangi yake, pasipo mtu kumpa maji, huyo tumeshajuana.

Bogenvilia huufaulu mtihani huo ingawa ni mgeni. Asili yake ni Amerika Kusini. Mtaalamu wa mimea Philibert Commerson aliikusanya karibu na Rio de Janeiro mwaka 1767, akiwa katika msafara wa nahodha Mfaransa Louis Antoine de Bougainville, na jina la nahodha likabaki kwenye mmea. Kinachoifanya ichanue ni kiu. Ukiimwagilia sana hukupa majani. Ukiiacha ione ukavu, hujaa zambarau toka chini hadi juu. Mshubiri, yaani kiluma, ni wa kwetu kabisa. Panda mitatu penye mawe na chozi watakuja wenyewe kunyonya maua. Kuku wakiugua, mama hukata jani akalitia kwenye maji yao. Usiuchimbue porini tu: mwaka 1986 serikali ilipiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya mwitu, baada ya watu kuifyeka kwa ajili ya utomvu. Mnyaa, ambao kwa Kikamba ni ndau, nauweka mbali, kwenye mpaka wa boma la ng'ombe. Kata tawi, liache kivulini siku chache utomvu ukauke, kisha lichomeke ardhini. Utomvu huo ukiingia jichoni waweza kupofua, kwa hiyo haupandwi wanapochezea watoto, na hapo sina mjadala na mtu.

Kuna kutosumbua kwa aina nyingine ambako nakuogopa. Lantana ina maua ya kuvutia, manjano na nyekundu kwenye kishada kimoja, wala haiombi chochote. Ndege hula mbegu zake na kuzipanda shambani kwa jirani, na ng'ombe wakiila huugua ini. Kule Baringo, mathenge uliletwa kwa nia njema ya kukabili ukame, ukateka malisho, hadi wenyeji wakaenda mahakamani na mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda yake matamu. Kwa hiyo ninapotembea Septemba huuliza swali la pili: hiki kilichobaki hai, kimeacha wenzake wangapi waishi kando yake?

Lakini nataka kukaa zaidi kwenye ukoo mmoja, kwa sababu ndani yake ufundi huu huonekana wote. Kusini mwa Kitui kuelekea Mutomo na Ikutha, na huku Kibwezi pia, waridi la jangwani huchanua juu ya miamba likiwa halina hata jani. Shina lake limevimba kama mtungi, na ni mtungi kweli, maana ndimo linamohifadhi akiba ya maji. Naumia nikiyaona yameng'olewa porini yakiuzwa mjini. Mbegu zake zina nywele za kupeperushwa na upepo. Ukizikusanya kabla ganda halijapasuka na kuzitia mchangani, huota upesi, na mche wa mbegu ndio unaojenga lile tumbo nene. Uliotokana na tawi hubaki mwembamba.

Jamaa yake wa pili ni mukawa, mtandamboo kwa Kiswahili. Huu ndio kichaka ninachokipenda kuliko vyote. Majani mazito yasiyojali jua, maua meupe yenye wekundu kwa nje, harufu inayoingia dirishani usiku, na matunda madogo ya zambarau iliyokolea ambayo kila mtoto wa Ukambani ameyala akitoka shule. Mbuzi huutafuna na hauangamii. Ukipandwa kwa safu, baada ya miaka kadhaa hata kuku hapiti.

Wa tatu ni kivai, msunguti. Majani mazito, kijani mwaka mzima. Maua meupe yenye wekundu. Harufu tamu. Matunda ya zambarau. Huu ndio mti wa sumu ya mishale, iliyowapa wawindaji wa Kikamba sifa ya kuogopwa mbali na kwao. Vipande vya shina na magome yake huchemshwa hadi kubaki kitu cheusi kizito kama lami. Kuna panya mwenye manyoya marefu anayetafuna gome la mti huo na kujipaka mate yake ubavuni, na mbwa akimuuma anaweza kufa. Watafiti walilichapisha jambo hilo mwaka 2011, ingawa wazee walishajua kwamba mbwa hamgusi mnyama huyo mara mbili.

Mtu anayechagua kwa kuangalia maua pekee atasimama mbele ya mukawa na kivai asione kinachoitenganisha. Yote miwili hubaki kijani Septemba, wala hakuna unaodai maji. Tofauti ambayo mama alinionyesha kabla sijajua kusoma ni mwiba. Mukawa una miiba mirefu, migumu. Kivai hauna hata mmoja. Alinishika kidole akakipitisha kwenye tawi la mmoja, kisha la mwingine, na kidole hicho kinakumbuka.

Novemba iliyopita tulipanda mukawa kwenye ukingo wa njia wanayopita wajukuu wake kwenda shule. Hata mimea migumu huhitaji mtu mwaka wa kwanza, kabla mizizi haijafika chini, na mama halitanii shimo: kina cha goti, udongo wa juu umewekwa kando na kuchanganywa na samadi ya mbuzi, halafu beseni la udongo kuzunguka mche, lililofunguliwa upande wa mlimani ili maji ya mvua yajiingize yenyewe. Kiangazi cha kwanza mche utapata maji ya kuoshea vyombo mara moja kwa wiki. Baada ya hapo, utajitegemea.

Miche tulipewa na jirani, aliyeiotesha mwenyewe kwa mbegu za kichakani. Jioni ilikuwa imeingia na macho ya mama siku hizi yana ukungu. Alikaa kwenye jiwe, leso mapajani, akaipapasa mmoja mmoja toka shina hadi ncha kabla ya kunipitishia. Wa sita aliushika kwa muda, akarudi tena toka chini, polepole. Akauweka nyuma yake, mbali na njia, akasema utachomwa kesho. Wa saba ulimchoma. Akafuta tone la damu kwenye leso na kuninyooshea mche.

"Huu panda."